Shajara ya matembezi ya watoro: Ndia Kuu hadi Kengeleni

Jumamosi, 10 Januari

Tumeanza leo, barazani kwetu, kwa kahawa chungu na halua ya shilingi mia. Tuko watatu. Mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Rabai. Kijana wa Kisauni anayeongoza wageni Mji wa Kale mwaka wa sita sasa, anayejua kila kichochoro na kila paka aliyemo. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika, kuomba ruhusa na kugombana na watu wa ruhusa.

Kazi yenyewe ni matembezi ya mguu, nusu siku, ya kueleza watumwa wa Mombasa walivyotoroka. Habari ya utumwa wote wa pwani haiishi kwa nusu siku, kwa hivyo tunashika kutoroka tu: mtu alianzia wapi, alipita wapi, aliangukia mikononi mwa nani.

Njia tuliyoichora: kuanzia mbele ya Ngome ya Yesu, kuingia Ndia Kuu, kupita Msikiti wa Mandhry na Bandari ya Kale, kutokeza ufukweni mwa hori ya Tudor, kisha Buxton, Daraja la Nyali, na kumalizia Kengeleni, pale penye kengele ya Freretown, kijiji cha misheni cha watumwa waliokombolewa. Simu inasema kilomita tano na ushei. Miguu yangu inasema zaidi.

Kabla hatujainuka mwalimu akauliza, "Mombasa ni kisiwa. Mtoro alivukaje?"

"Kwa mashua," kijana akasema.

"Mashua ya nani?"

Tukanyamaza. Swali limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jumatano, 14 Januari

Tumeondoa vitu viwili kwenye maelezo, na kimoja kimetuletea ugomvi.

Kwanza ni yale mapito ya matao ndani ya Ngome, yaliyochongwa katika mwamba wa matumbawe kushuka hadi baharini. Mgeni akifika huambiwa watumwa walipitishwa hapo, minyororo shingoni, kwenda kupakiwa majahazini. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mapito yale yalikuwa ya askari wa ngome, ya kuingizia watu na vitu kutoka majini. Kijana aliitetea hadithi yake kwa nguvu zote. "Hapo ndipo wageni hulia," alisema, "na wakilia hutoa." Namwelewa, ana kodi ya nyumba na mke mjamzito. Tumekubaliana kwamba akiwa na wageni wake ni shauri yake, akiwa nasi mapito yanabaki ya askari.

Pili ni milango. Kuna usemi wa waongozaji kwamba nyumba yenye mnyororo uliochongwa kwenye mwimo wa mlango ilikuwa ya tajiri wa watumwa. Hatumsomei mtu makosa ya babu yake kwenye nakshi. Imetoka.

Jumatatu, 19 Januari

Jibu la mwalimu nimelipata kwa mvuvi.

Nilikwenda Makupa asubuhi. Leo pana daraja lililofunguliwa 2022 na malori yasiyokatika, lakini kabla ya reli na kabla ya tuta hapo ndipo kisiwa kilipokaribiana na bara. Maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Wareno walipajua vizuri, ndiyo sababu walijenga vingome vitatu kupalinda. Anayetoka Mombasa kwa miguu hana mlango mwingine.

Mwezi uliandama jana. Chini ya mikoko alikuwapo mzee mmoja akitengeneza jarife lake, miguu imezama topeni mpaka vifundoni. Nilimwamkia, nikamwuliza maji yatakupwa saa ngapi. Hakuinua kichwa.

"Bamvua, maji hupwa saa nne. Saa nne ya asubuhi, saa nne ya usiku. Yakiwa maji mafu, geuza."

Nikatazama saa. Saa nne na dakika kumi, na tope liko wazi hadi mbali, kaa wakikimbia huku na huku, harufu ya chumvi na kitu kilichooza. Kisha nikaanza kuhesabu. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Ile ya mwezi mpevu nayo hukupwa saa nne usiku, lakini huo ni usiku wa kuonekana kama mchana. Ile ya mwezi mchanga ni giza totoro. Kwa hivyo pwani hii, usiku ambao mtu haonekani ndio usiku ambao bahari hujitenga mbali, maji yakishuka zaidi ya mita tatu, na hujitenga saa ambayo mji umeshaswali isha, umekula, na unajinyosha kulala.

Aliyekuwa akipakua majahazi ya bwana wake, au akimchotea maji, au akimvulia samaki, alilijua hilo bila mvuvi wa kumwambia. Hii ni hesabu yangu mimi. Nimeiandika kama hesabu, na matembezini itasemwa kama hesabu.

Uamuzi wa leo: tarehe za matembezi zitafuata mwezi. Kila mara Jumamosi iliyo karibu na bamvua, tuanze saa mbili, ili saa nne tuwe ufukweni na watu waone wenyewe maji yalivyokwenda. Makupa penyewe hatuwapeleki, malori yatatuua.

Mzee hakutaka pesa. Alitaka kujua nani anamlipa mtu kutembea.

Ijumaa, 30 Januari

Siku ndefu, na ya aibu kwangu.

Nilikuwa nimeandika maelezo ya kurasa tisa. Ndani yake mtumwa anatoroka nyumba ya Ndia Kuu, anavuka hori usiku, anaisikia kengele ya Freretown, amepona. Mwalimu aliyasoma ndani ya matatu kuelekea Mazeras, kalamu nyekundu mkononi, na tulipofika tukapanda boda hadi Rabai bila kusemeshana. Chini ya mwembe karibu na kanisa la zamani, ambalo sasa ni makumbusho, ndipo alipofungua mdomo. "Umempeleka mtoro wako mahali pabaya."

Nayaandika hapa kama alivyonifundisha.

Mwaka 1873 Bartle Frere alikuja Unguja kwa niaba ya Uingereza, na Sultani Barghash akatia saini mkataba. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kuwasafirisha kwa bahari kukapigwa marufuku. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi yaliyobeba watu. Watu hao washushwe wapi? Ndipo wamisheni wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) walipopata ardhi Kisauni, ng'ambo ya Mji wa Kale, chini ya William Salter Price, na kufikia 1875 kijiji kilikuwa kimesimama na kupewa jina la Frere. Waliokaa hapo wengi ni Wayao, Wanyasa na Wamakua walioshushwa manowarini, pamoja na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa utotoni, wakalelewa Nasik huko India, kisha wakarudishwa upande huu wa bahari kufundisha na kujenga.

Lakini mkataba ulizuia kusafirisha tu. Kumiliki mtu hapa Mombasa kulibaki halali chini ya sheria ya Sultani. Mtumwa wa Ndia Kuu aliyekimbilia Freretown alikuwa bado mali ya mtu, na mtu huyo angeweza kusimama uani kwake akamwona ng'ambo akipalilia muhogo. Wamisheni nao waliagizwa na wakubwa wao, tena na tena, wasipokee watoro. Mwaka 1880 watu wa mjini walitishia kukivamia kijiji kwa sababu hiyo hiyo. Kengele ilikuwa ya hofu hiyo: iligongwa watu wajihadhari, wavamizi wanakuja. Haikuwa ya kuita wageni. Na ndani ya kijiji penyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi mmoja alishutumiwa kwa kuwachapa watu viboko mpaka ukafanywa uchunguzi. Hilo nalo tumelitia kwenye maelezo, ingawa kijana anahofia watu wa kanisa watanuna.

Mtoro mwenye akili basi alipita mbali na Freretown. Alikwenda bara. Wengine walifika Fuladoyo, kijiji cha watoro na Wakristo wa Kigiriama. Kiongozi wao mmoja, David Koi, aliuawa 1883. Wengine walikimbilia Witu kwa Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, aliyewapokea watoro wakawa sehemu ya nguvu zake. Na wengi walikuja hapa Rabai.

Krapf, mmisheni wa CMS, alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe Rosina mwaka huo huo. Mmisheni mwenzake, Rebmann, akamfuata 1846, wakajenga Rabai, na kwa miaka mingi misheni ilikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Kisha wakaja watoro. Aliyekuwa akiiangalia Rabai ni William Jones, Myao, aliyetekwa akiwa mtoto, akakulia India, akarudi, akapewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington 1885. Mtu wa namna hiyo umwambie amfukuze mtoro! Walijenga, wakalima, wakaoana, na wenye watumwa mjini wakazidi kulalamika.

Mwaka 1888 ikaja Kampuni ya Imperial British East Africa kutawala pwani kwa mkataba na Sultani, na mkuu wake George Mackenzie akakuta kesi hiyo mezani. Watoro walipohesabiwa katika vituo vya misheni walikuwa wapata 1,400. Akakubaliana na mabwana zao awalipe riale 25, sarafu ya fedha ya siku hizo, kwa kila kichwa, na Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai.

"Riale 25 zilikwenda kwa nani?" mwalimu aliniuliza, kama aulizavyo darasani.

"Kwa bwana."

"Na aliyelima shamba la bwana miaka kumi?"

"Alipewa karatasi."

"Andika hivyo."

Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda wetu hadi 1907, na masuria wakangoja hadi 1909. Wenye watumwa walilipwa fidia mara ya pili.

Kurasa tisa zote zinaandikwa upya. Safari yetu itaishia Kengeleni kama tulivyopanga, lakini Kengeleni itakuwa mahali pa kueleza kwa nini mtoro hakuishia hapo. Nimelipa nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na wali kwa nyama ya mwalimu. Halali yake.

Jumapili, 8 Februari

Kijana ametupeleka kwa bibi mmoja Kisauni, jamaa ya mamake. Jina lake halitaandikwa popote, ni sharti lake na tumeapa.

Tulimkuta ukumbini akichagua mchele kwenye uteo. Shikamoo, marahaba, karibuni wanangu, kaeni. Sisi tumekaa, yeye anaendelea kutupa vijiwe mlangoni, kuku wanavikimbilia wakidhani ni chenga. Nikamweleza kazi yetu, nikasema tunakusanya habari za wazee walioletwa Rabai na Freretown.

"Hayo ya utumwa usiniulize mimi," alisema. "Niulize walikuwa wakila nini."

Nikamwuliza walikuwa wakila nini. Akatueleza kwa nusu saa: muhogo, kunde, samaki mkavu wa kununua kwa kubadilishana mahindi, na mti mmoja wa muembe ambao nyanya yake hakuruhusu mtu kuukata kwa sababu ulipandwa na mamake siku za kwanza. Nyanya yake alizaliwa Rabai. Nikaandika, na bila kufikiri nikasema tena, "Kwa hivyo mamake nyanya ndiye aliyeletwa."

Uteo ukasimama.

"Nani kakwambia waliletwa? Nyanya hakusema hata siku moja 'tuliletwa'. Akisema 'tulikuja'. Wale wa manowari ndio walioletwa, na wenyewe wakisema hivyo, si siri. Sisi tulikuja."

Akarudi kwenye mchele wake.

Usiku nimekaa na yale maelezo mapya nikatia duara kila kitenzi kilichomalizikia kwa kutendwa. Walikombolewa, walipokelewa, walipewa, walifundishwa, walihifadhiwa. Maduara 61 katika kurasa nane! Nimeandika Kiswahili maisha yangu yote na sikuona kwamba watu wangu hawa wakimaliza kuvuka bahari usiku hawafanyi tena jambo lolote, wanafanyiwa tu. Nimeanza kubadilisha kimoja kimoja. Walivuka, walijificha, walijenga, walikataa kurudi. Vingine nimeviacha makusudi. Watu wa manowari waliletwa kweli, na aliyelipwa riale 25 alilipwa.

Jumamosi, 14 Februari

Jaribio la kwanza, na wanafunzi 22 wa sekondari. Shule iliwatoa bure, maji ya kunywa juu yetu.

Kijana alifungua kwa sauti nzuri: "Leo tutafuata nyayo za watoro." Kicheko hicho! Hawakuacha kucheka mpaka Ndia Kuu. Kwao mtoro ni anayeruka ukuta siku ya hesabu, na wawili kati yao ni mabingwa, walionyeshwa kwa vidole. Nilikasirika kwanza. Baadaye nikaona hatuna mlango mzuri kuliko huo, kwa hivyo utabaki: tutaanza kila mara kwa kuuliza mtoro ni nani, wacheke, kisha tuwaambie nani mwingine aliitwa hivyo.

Maneno ndiyo yaliyowashika kuliko majengo. Mjinga, kwa mfano, ambaye zamani alikuwa mtumwa mgeni aliyefika juzi, hajui lugha wala mji; na mzalia, aliyezaliwa papa hapa, aliyemcheka mjinga. Bandari ya Kale tukaeleza kibarua. Mabwana wa mjini waliwapeleka watumwa wao kufanya kazi za kutwa kwa watu wengine, kubeba mizigo na kadhalika, na jioni mtumwa alimletea bwana sehemu ya ujira, kwa kawaida nusu. Kibarua ni barua ndogo, cheti cha siku hiyo, na jina la cheti likamganda aliyekibeba.

Mvulana mmoja nyuma akasema, "Babangu ni kibarua bandarini."

Kimya. Nilitafuta la kusema nikakosa. Mwalimu akamwendea.

"Babako hupokea pesa zake mwenyewe?"

"Eeh."

"Zote?"

"Isipokuwa za msimamizi."

Wakaangua kicheko wote, mvulana mwenyewe akiwemo, na tukaendelea. Sina uhakika kama tulimjibu.

Makosa ya kurekebisha: tulifika ufukweni saa nne unusu, na bamvua yenyewe haijafika, maji yameshapwa mapema na yameanza kurudi. Pia hakuna choo kati ya Bandari ya Kale na Buxton ambacho watoto wa kike walikubali kuingia.

Jumatatu, 23 Februari

Ramadhani. Kazi ya miguu imesimama; hakuna atakayetembea kilomita tano na jua hili mdomo mkavu, na wala hatumwombi. Nimetumia muda huu kufuatilia barua ya ruhusa ya kusimama na kundi barabarani. Ofisi moja ilinipeleka ya pili, ya pili ikasema ni kazi ya ile ya kwanza. Mara nne sasa. Karani wa mara ya nne alikuwa na heshima, alinipa kiti.

Jumamosi, 28 Machi

Idi imepita, tumerudi Ndia Kuu kupima muda. Bwana mmoja mkazi wa hapo, mwenye nyumba ya ghorofa mbili, alituita kutoka barazani kwake. Salamu zilikuwa za adabu kamili.

"Nimesikia mwaleta watu kututukana milangoni petu."

Nikamwambia hatutaji jina la ukoo wala kuonyesha nyumba ya mtu. Akasema hata tusipotaja, kila mtu atajua, Mombasa ni ndogo. Akasema pia kwamba katika nyumba hiyo hiyo mama mkubwa wa babake alikuwa suria, na watoto wake walirithi sawa na wengine. "Mimi ni damu ya bwana na damu ya mtumwa. Mtanionyesha kidole kipi?"

Tulikaa naye hadi adhuhuri. Hakutubariki, hakutukataza. Ombi lake moja tumelikubali: tusisimame mbele ya nyumba yoyote inayokaliwa. Tutaeleza habari za nyumbani tukiwa uwanja wa Bandari ya Kale, migongo yetu kwa milango, nyuso kwa maji. Kwa kweli ni bora hivyo hata kwa kazi, maana mtoro naye aliyatazama maji.

Habari ya masuria imeongezeka kwenye maelezo kwa sababu yake. Tulikuwa tumeipa mistari miwili.

Jumatano, 8 Aprili

Masika yameanza kunyesha. Tumejaribu Daraja la Nyali. Kabla ya 1931, lilipowekwa daraja la kwanza la kuelea, hapa palivukwa kwa chombo. Hili la sasa ni la 1980. Tulipanga kijana asimame katikati aeleze hori yote, juu Tudor, chini Bandari ya Kale. Upepo ulimnyang'anya karatasi ya kwanza. Lori likampigia honi katikati ya neno "uhuru". Daraja zima halisemwi neno. Watu watavuka kimya kwa sababu hawasikilizani, na wakidhani ni heshima kwa marehemu tutawaacha wadhani.

Barua ya ruhusa imetoka. Imeandikwa jina langu vibaya.

Jumamosi, 18 Aprili

Matembezi ya kwanza ya watu wote. Mwezi uliandama jana. Walikuja 16, shilingi 300 kila mmoja: walimu, wanandoa kutoka Likoni, wageni wawili wa Nairobi, msichana mwenye kamera, na yule bwana wa Ndia Kuu, aliyelipa, akatembea nasi hadi Bandari ya Kale, akaaga.

Tulifika ufukweni saa nne kamili. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, mashua zimelalia ubavu, watoto wakiokota kombe. Kijana hakuharakisha. Aliwaacha wasimame pale dakika nzima kabla hajauliza: "Sasa fikirieni ni saa nne ya usiku, na hakuna mwezi. Mnaona njia?" Mama mmoja wa Likoni, ambaye mumewe ni baharia, alijibu kabla hajamaliza: "Bamvua hiyo. Mtu anakwenda." Sikumlipa aseme hivyo.

Daraja: kimya, kofia moja imekwenda na maji. Msichana wa kamera aliteguka kifundo Buxton, tukamtia kwenye tuktuk akatutangulia.

Kengeleni tulifika saa sita kasorobo. Mnara wa kengele ni mdogo, ukiwa ndani ya matatu unaweza kuupita mara elfu bila kuuona. Kijana akapanda kizingiti, akaeleza wa manowari walioletwa, kengele ya hofu, na kwa nini wale wa Rabai walizunguka mbali. Ilibidi apige kelele, kwa sababu makanga mmoja hatua tatu kutoka kwetu alikuwa akiita bila kupumua: "Kengeleni shuka! Bamburi, Mtwapa, Bamburi!" Mwishowe yule makanga akanyamaza mwenyewe. Akasogea, mkono mmoja bado mlangoni mwa gari.

"Kwani ni kengele ya watumwa hii? Nimeita Kengeleni miaka kumi."

"Ya waliokuwa watumwa," kijana akasema. "Ya kuwajulisha wanaokuja kuwakamata."

"Na waliokimbia wenyewe walikwenda wapi?"

"Rabai."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Makupa, Changamwe, wanapanda."

"Hiyo ni mbali, bwana." Akageukia abiria wake, ambao walishaanza kulalamika, akawaeleza kwa ufupi habari ya Rabai, vibaya kidogo, huku akiwasukuma wasogee ndani. Kijana alimsahihisha kupitia dirishani mpaka gari likaondoka.

Hesabu: mapato 4,800. Maji ya kunywa 960, tuktuk 200, bendeji 150, kodi ya kipaza sauti ambacho hakikufanya kazi 500. Kilichobaki kimegawanywa mara tatu. Jioni nilimpigia bibi wa Kisauni. Aliuliza watu walikuwa wangapi na kama walikula. Nilipomwambia hawakula, alisikitika sana. Mara ya pili kutakuwa na mahamri, atapika yeye, na sharti la jina liko pale pale.

Matembezi yafuatayo ni Jumamosi, 16 Mei. Mwezi utaandama siku hiyo hiyo, maji yatakupwa kabla kidogo ya saa nne, kwa hivyo tunaanza saa moja unusu. Mwenye mwavuli wa buluu ulioachwa Kengeleni aufuate kwa mwuza madafu wa pale.